Wamesoma pamoja, wodini kila mtu kivyake

SWALI: Naratibu mafunzo kazini hospitalini. Tuliwakusanya madaktari, wauguzi, wafamasia, wafiziotherapia na maofisa ustawi wa jamii kwa mihadhara sita kuhusu huduma kwa wazee. Mtihani wamefaulu wote. Lakini wodini kila mmoja bado anaandika mpango wake, na mara nyingine mipango inapingana ndani ya faili moja. Tumekosea wapi?

JIBU: Mmewafundisha katika ukumbi mmoja, hamjawafundisha kushirikiana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 unaeleza mafunzo ya namna hii kuwa ni watu wa fani mbili au zaidi kujifunza kuhusu wenzao, kutoka kwao na pamoja nao. Mhadhara unagusa hilo la mwisho tu, tena kwa maana ya kukaa viti jirani.

Badilisheni mihadhara miwili iwe zoezi la kisa la dakika 90, kundi la watu watano hadi saba, wasizidi wawili wa fani moja. Kazi kubwa ni kugawa taarifa. Kila fani ipate karatasi yake, yenye yale tu ambayo fani hiyo huyaona kazini.

Mfano: bibi wa miaka 81 ameanguka mara mbili mwezi huu, na tangu juzi amechanganyikiwa. Daktari anajua ana presha na miguu ilivimba. Mfamasia ana dawa kwa tarehe: amlodipini ya presha, wiki kadhaa baadaye furosemidi ya kukojosha, kisha oksibutinini ya kuzuia mkojo. Muuguzi anajua bibi huanguka usiku akikimbilia choo, na kwamba presha yake baada ya kulala dakika tano ni 138/80, lakini akisimama dakika tatu inashuka hadi 112/70. Mfiziotherapia amempima kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kuketi: sekunde 19, wakati sekunde 12 tu tayari huashiria hatari ya kuanguka. Ofisa ustawi ana neno la bibi mwenyewe: anataka kurudi nyumbani na kwenda chooni bila kushikwa.

Hakuna karatasi moja inayoonyesha mnyororo. Amlodipini ilivimbisha miguu, uvimbe ukatibiwa kwa dawa ya kukojosha, mkojo ukazidi, nayo dawa ya kuuzuia inashukiwa kuvuruga akili. Ndipo watu wanalazimika kuulizana.

Dakika 10 wasome kimya. 25 wapeane taarifa kwa mdomo, bila kuonyeshana karatasi. 20 waandike mpango mmoja wa ukurasa mmoja. 35 zilizobaki ni za mjadala, wala msizipunguze. Daktari azungumze mwisho. Akishataja ugonjwa mapema, wengine hunyamaza, hata mwenye jambo linalompinga.

Katika mpango, mstari wa kwanza uwe matakwa ya bibi kwa maneno yake. Kila hatua iwe na jina la mtu mmoja na tarehe ya kuikagua. "Timu itafuatilia" maana yake hakuna atakayefuatilia. Wawezeshaji waweke mtego mmoja: kundi likifurahia kugundua mnyororo wa dawa, waulize nani ameangalia maambukizi, choo kigumu na mkojo unaobaki kibofuni. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee mara nyingi kuna sababu zaidi ya moja. Waulize pia dawa ipi ianze kuondolewa na nani atafuatilia uzito, uvimbe na presha, maana kuzifuta zote siku moja ni kosa jingine.

Zoezi huharibika zaidi pale mwezeshaji anapokuwa daktari peke yake: linageuka chemsha bongo ya utambuzi wa ugonjwa. Wawe wawili, wa fani tofauti, na mmoja wao awe radhi kusahihishwa na mwenzake mbele ya watu. Kosa la pili ni kisa chenye ugonjwa adimu. Chagueni kuanguka, dawa nyingi, kutoshika mkojo. Mambo ya kila siku.

Mtihani wenu ulipima kumbukumbu. Chukueni mafaili 20 ya wagonjwa wa miaka 65 na zaidi kabla ya mafunzo, na mengine 20 miezi mitatu baadaye. Tafuteni manne tu: presha ya kulala na kusimama, mapitio ya dawa, matakwa ya mgonjwa, na mpango mmoja wenye majina ya angalau fani tatu. Msomaji wa mafaili asiwe aliyefundisha.

Kabla ya hayo yote, angalieni ratiba ya wodi. Kama hakuna hata dakika 15 kwa siku ambazo fani zote zipo mahali pamoja, anzeni kuzitafuta hizo. Karatasi za kisa zisubiri.