Uwanja wa michezo nyuma ya nyumba: anza na kilicho chini

Ukiwaita mafundi waje kuangalia eneo lako, msikilize kila mmoja anaanzia wapi. Anayeanza kwa kukufungulia picha za rangi, bluu na kijani zinazong'aa, mshukuru na umsindikize getini. Anayeuliza mvua ikinyesha maji yanaelekea upande gani, huyo keti naye. Mimi nilimpata wa namna hiyo baada ya kupita kwa wenzake kadhaa, na uwanja wangu wa vigae vya plastiki umevuka masika na kiangazi bila kutitia.

Kwanza pima eneo. Wengi husema wanataka uwanja wa mpira wa kikapu bila kujua kwamba uwanja kamili ni mita 28 kwa 15. Hata nusu yake haiingii kwenye nyumba nyingi, na nyumbani huihitaji. Mstari wa mtupo huru uko mita 4.6 kutoka kwenye ubao, na ule wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka katikati ya ringi, kwa hiyo ukipata mita 9 au 10 kwenda mbele unarusha vizuri tu. Mpira wa vinyoya (badminton) unakula mita 13.4 kwa 6.1. Tenisi iache: mita 23.77 kwa 10.97, na bado mchezaji anataka nafasi ya kurudi nyuma. Chagua mchezo mmoja mkuu, ukizidisha wa pili. Uwanja uliochorwa mistari ya michezo minne haueleweki hata kwa aliyeuchora. Na nafasi ikiruhusu, urefu wake uelekee kaskazini na kusini, jua la asubuhi na jioni lisiwachome wachezaji machoni.

Sasa tuje kwenye zege, maana hapa ndipo pesa inapotakiwa kwenda. Udongo wa juu wenye mizizi uondolewe wote. Mizizi ikioza, ardhi inashuka na zege linashuka nayo. Mwaga changarawe na uishindilie kwa mashine, tabaka kwa tabaka, mpaka ipatikane sentimita 10 hadi 15 iliyokaza kweli. Juu yake tandika nailoni nzito ya kuzuia unyevu, kisha wavu wa chuma ulioinuliwa kwa vipande vya zege. Simama hapo uangalie: wavu ukilala chini kwenye nailoni, hausaidii kitu. Unene wa zege wa sentimita 10 unatosha kwa michezo ya nyumbani. Mteremko uwe sentimita 1 kwa kila mita, upande mmoja tu, na uipe nyumba mgongo.

Kabla gari la zege halijafika, hakikisha boliti za nguzo ya goli, mashimo ya nguzo za wavu na bomba la kupitishia nyaya za taa vimeshakaa mahali pake. Kukata zege jipya ili kupitisha waya ni uchungu usio na sababu. Halafu lipe muda likomae. Limwagilie maji juma zima. Kama utapaka rangi ya akriliki, subiri siku 28.

Kuna kipimo kimoja fundi wangu alinionyesha na sasa nawahimiza watu wote wakifanye. Zege likishakomaa, lifurikishe kwa mpira wa maji, acha lijikaushe kwa saa moja hivi, kisha pita na sarafu mkononi. Palipobaki dimbwi, laza sarafu katikati. Maji yakiifunika, hapo pana bonde la kusawazishwa. Kwangu yalibaki machache karibu na nguzo. Fundi akayazungushia chaki, akasaga na kujaza, tukamwaga maji upya. Anayekuambia vigae vitaficha hayo anasema kweli. Vitayaficha, na maji yatakaa humo chini yakinuka.

Kuhusu sakafu yenyewe, akriliki ndiyo inayodundisha mpira vizuri kuliko zote, ila kila ufa wa zege utaonekana juu. Vigae vya polipropilini, yaani vile vya plastiki, unavibana kimoja baada ya kingine bila gundi, na maji hupenya. Plastiki hutanuka kwa joto, basi acha nafasi pembeni zote wala usivipigilie boliti. Mchana wa jua kali utaona nafasi ile imebanwa, na alfajiri imefunguka tena. Kero yake ni kelele: mpira unagonga kama mtu anayebisha hodi bila kuchoka, kwa hiyo ongea na jirani kabla hujajenga. Nyasi bandia ni za kandanda; mpira wa kikapu unafia pale pale. Juani huwa za moto kupita nyasi za kawaida, watoto wa pekupeku hawazivumilii. Ukizichagua, jaza mchanga katikati ya majani yake badala ya chembe za mpira, ambazo Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kuziondoa sokoni baada ya kipindi cha mpito cha miaka 8, kwa sababu ya uchafuzi wa plastiki ndogondogo.

Goli lenye ringi inayopanda na kushuka linafaa nyumba yenye watoto. Mita 3.05 ni za watu wazima. Nguzo ivalishwe godoro. Taa zielekee chini, zisiingie dirishani kwa watu.

Matunzo ni ufagio na maji, na mara moja moja kubandua vigae vichache vya pembeni uone uchafu uliojikusanya. Nunua na vigae vya akiba siku ile ile. Vyangu nimevipanga nje juani, si stoo, ili vipauke sawa na vilivyolazwa. Siku kimoja kikivunjika, kiraka hakitaonekana.