Semina imekwisha, wodini hakuna kilichobadilika

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi. Tuliandaa semina ya siku 2 kuhusu huduma yenye huruma, inayomweka mgonjwa mbele. Mwezi umepita, na wagonjwa bado wanaitwa kwa namba za vitanda. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, dada. Siamini kwamba wauguzi wako hawana huruma. Walichokosa ni mazoezi. Kuchoma sindano hukufundishwa kwa hotuba. Ulionyeshwa, ukajaribu, ukasahihishwa. Kuzungumza na mtu mwenye maumivu hufundishwa vivyo hivyo.

Chagua kitendo kimoja kinachoonekana kwa macho. Mimi ningeanza na kujitambulisha. Mwaka 2013, Kate Granger, daktari Mwingereza aliyekuwa akiugua saratani, alilazwa akagundua kuwa wengi waliomhudumia hawakumtajia majina yao. Kampeni aliyoianzisha ilienea mbali. Basi muuguzi ataje jina lake, amwulize mgonjwa angependa aitweje, na amweleze anachokwenda kufanya kabla ya kumgusa.

Kisha wafanye igizo, tena kwa kitanda halisi. Mmoja alale, wenzake wawili wamgeuze na kumbadilishia shuka. Aliyelala ndiye anayejifunza zaidi, maana anaonja mwenyewe kufunuliwa bila kuambiwa, huku watu wakipiga soga juu ya kichwa chake. Mwingine asimame pembeni atazame. Asiseme "ulikuwa mkali". Aseme "ulimuuliza, ukaondoka kabla hajajibu". Hilo linaweza kurekebishwa kesho asubuhi. Dakika 10 kila wiki, hapo hapo wodini, zinafaa kuliko semina nyingine.

Wakishazoea, ongeza la pili. Swali "umeelewa?" huitikiwa "ndiyo" hata na asiyeelewa. Afadhali: "Hebu nieleze utakavyotumia dawa hii nyumbani, nijue kama nimekueleza vizuri."

Lakini dada, muuguzi aliyefiwa na mgonjwa saa nane usiku, kisha akaendelea na zamu bila yeyote kumpa pole, atajifunga moyo ili aweze kufanya kazi. Watafutieni muda wa kukaa pamoja na kusema yaliyowaumiza, bila kutafuta mkosaji. Na wewe uwape pole kwanza.

Ukitaka kupima mabadiliko, mwulize kila mgonjwa anayeruhusiwa: "Unamjua kwa jina muuguzi aliyekuhudumia leo?" Andika majibu ya mwezi mzima, kisha uyabandike chumba cha wauguzi bila kumtaja mtu.