Mafunjo sio nyasi, jamani

Msomaji wetu wa Kisumu anauliza: mafunjo na matete ni kitu kimoja? Anasema kwao watu wanachanganya majina hayo, halafu kwenye taarifa ya habari yote yanaitwa "nyasi za majini".

Hapana, ni vitu viwili. Matete ni nyasi kweli, bua lake la mviringo, lina pingili, ndani wazi. Mafunjo ni ukoo mmoja na ndago, ile inayosumbua mashambani, bua halina pingili na ndani limejaa nyama nyeupe laini, ukilizungusha vidoleni hasa huku juu karibu na lile shungi la kileleni utasikia kona tatu, na linaweza kufika mita 4 au 5. Hata karatasi tunayoandikia, jina lake limetoka kwa Waarabu waliolitoa kwa Wagiriki, na kwa Wagiriki lilikuwa ni ukurasa uliotengenezwa kwa mafunjo.

Sasa hizi "nyasi za majini" ndo zinanichosha kabisa. Na sio za leo. Fungua Biblia ya Kiswahili ya Union, Kutoka 2:3, Musa anawekwa kwenye kisafina cha "manyasi". Manyasi! Mto Nile, Misri, nchi ya mafunjo! Nenda sasa Ayubu 8:11, neno la Kiebrania ni lilelile, "gome" (sio gome la mti la Kiswahili), na hapo wamelitafsiri vizuri tu, mafunjo, tena yanatajwa na matope yake. Kwa hiyo neno walikuwa nalo, Ayubu akapewa, mama yake Musa akanyimwa, na watoto wetu wote wanakua wakiwaza kikapu cha majani ya ng'ombe.

Na msiniambie ni jina tu. Mkulima akiambiwa ndago ni nyasi anaenda dukani anaomba dawa ya kuua nyasi, anauziwa ile inayochagua nyasi peke yake, anapiga shamba zima, nyasi zinakauka na ndago inabaki imesimama, maana sio nyasi na viazi vyake viko chini ya udongo vinachipua upya. Hela imekwenda kwa sababu ya neno.

Kibaya zaidi ni "magugu". Ukishayaita mafunjo magugu umeshatoa ruhusa yafyekwe na kuchomwa, wakati ndo yanayozuia tope lisiingie ziwani, ndo nyumba ya nzohe, yule swala wa kwenye vinamasi, na pale Nakivubo Kampala kinamasi cha mafunjo kimekuwa kikichuja maji machafu ya jiji kabla hayajafika ziwa Victoria. Gugumaji, lile linaloelea na kuziba njia za mitumbwi, hilo liiteni gugu mnavyotaka.

Mtu wa kawaida akisema "majani ya kule ziwani" namwacha, hajakosea sana. Ila mtangazaji aliyeko Kisumu hana sababu, aende Dunga, hapo hapo Kisumu kando ya ziwa, awaulize wanaosuka mikeka, watamwambia yapi ni mafunjo na yapi ni matete kabla hajawasha kamera.