Mdogo wangu, usimpigie mbunge makofi kwa sababu kasema "uhuru"

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji inboksi, ina moto lakini ina adabu: "Dada shikamoo, mbona kila siku unawasema watu wa chama cha Republican? Si ndio wanaotetea biashara ndogo na imani zetu? Mimi nakuja Texas mwakani nifungue saluni ya kusuka, naona kama unatupotosha." Hii siwezi kuijibu kwa mistari miwili, na najua wako wengi mnaowaza hivyohivyo ila mnaogopa kuniandikia.

Marahaba mdogo wangu. Nianze na pale ulipo na haki. Texas kusuka nywele ilikuwa kesi kabisa, yaani kesi ya polisi. Isis Brantley, mama wa Dallas, alikamatwa 1997 kwa kusuka bila leseni ya urembo. Baadaye wakalegeza kidogo, lakini alipotaka kufundisha wenzie wakamwambia lazima shule yake iwe na ukubwa wa shule ya vinyozi, viti kumi vinavyolazwa nyuma, na sinki kwa kila viti viwili. Sinki la nini? Rasta unasukia sinki? Akaenda mahakamani, jaji wa shirikisho akampa haki Januari 2015, na mwaka huohuo Bunge la Texas lenye Republican wengi likafuta leseni ya kusuka, gavana Greg Abbott akasaini. Mimi mwenyewe nakula kupitia sheria ile, kiti changu cha kusukia Houston kipo kwa sababu yake, kwa hiyo usidhani nawachukia watu kwa rangi ya chama.

Ila sasa chukua wimbo uleule wa "serikali isikuingilie" uone ukiimbwa kwa mtu mwingine.

Austin tangu 2010, na Dallas tangu 2015, zilikuwa na kanuni kwamba mtu wa mjengo apewe dakika kumi za kupumzika na kunywa maji kila masaa manne. Dakika kumi tu, na Texas kama jimbo haina sheria inayomlazimisha bosi wa mjengo kukupa hata hizo. 2023 Bunge likaja na muswada HB 2127 wa kuinyang'anya miji nguvu ya kutunga kanuni za aina hiyo, eti kanuni zikitofautiana mji kwa mji zinamchanganya mwenye biashara ndogo. Abbott akasaini mwezi wa sita, jua linachoma kama pasi. Kaka yangu anaezeka mapaa Dallas, akirudi jioni shati lina ramani nyeupe ya chumvi mgongoni, sasa niambie huyo alikuwa anamwonea vipi bosi wake kwa chupa ya maji.

Na ndio walewale wanaotuambia serikali bora ni ile iliyo karibu na mwananchi. Denton wananchi wenyewe walipiga kura Novemba 2014 kukataza uchimbaji wa gesi wa kupasua miamba ndani ya mji wao, mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria, kura yao ikawa haina kazi. Mkuki kwa nguruwe, mdogo wangu. Washington ikiwaagiza Texas kitu wanalia udikteta, Bunge la jimbo kule Austin likiuagiza mji mdogo hapo ni utaratibu.

Mimi ule muswada wa 2023 nilienda kuupinga. Nililala masaa machache baada ya shifti (usiku nahudumia wazee, mchana nasuka, maisha ya huku mnayajua) nikaendesha karibu masaa matatu hadi Austin. Unashuka chini ya jengo la Bunge, huko ndiko vyumba vingi vya kamati vilipo, unajiandikisha kwenye kompyuta unabonyeza unaunga mkono, unapinga, au unatoa maoni tu. Halafu unakaa, wee unakaa. Wenye suti wanaingia wanatoka, wanasalimiana na wasaidizi wa wabunge kwa majina. Nilipoitwa dakika zangu zilikuwa mbili, nilikuwa nimefanya mazoezi kwenye gari hadi Kiingereza changu kimenyooka, na sijisifu lakini nilisema vizuri, nilisema naitwa fulani, nina saluni, nimeajiri, na kanuni ya maji haijawahi kuniua. Mheshimiwa mmoja muda wote anasoma simu. Sawa. Baada yangu kaja bwana wa chama fulani cha wafanyabiashara, mheshimiwa simu kaiweka chini, akamuuliza kwa upole kabisa, "wafanyabiashara wadogo wanaumiaje na kanuni hizi?" Jamani! Mfanyabiashara mdogo si mimi niliyekuwa nimekaa kiti hichohicho sasa hivi? Bado inaniuma, sifichi.

Ndo maana nakwambia usisikilize hotuba. Ingia kwenye tovuti ya Bunge la Texas, andika namba ya muswada, utaona maneno yenyewe, utaona na orodha ya mashahidi, nani kaunga mkono nani kapinga. Hiyo orodha isome kabla ya kitu chochote. Ukiona upande mmoja umejaa vyama vya waajiri na wajenzi wa majumba, na upande wa pili mafundi na watu wa miji, basi "uhuru" unaotajwa umeshajua ni wa nani. Halafu angalia kura. Narudia tena, kura, sio hotuba.

Na haki za raia ni hivyohivyo. 2020 hapa kaunti ya Harris, ilipo Houston, tulipata usiku mmoja wa kupiga kura hadi asubuhi, sisi wa shifti za usiku tulifurahi kupita maelezo, nilienda na yunifomu yangu saa nane usiku. 2021 Bunge likapiga marufuku, pamoja na kupigia kura ndani ya gari. Sheria yao ya kitambulisho cha mpiga kura ya 2011 ilikubali leseni ya bastola, kitambulisho cha mwanafunzi ikakataa. Na mwaka huohuo wa 2021 wakaruhusu watu wazima wengi kutembea na bastola bila leseni. Yaani silaha ilegezewe masharti, kura ikazwe. Mwaka 2025 wakaja na sheria ya kuwabana baadhi ya watu wa China, Iran, Urusi na Korea Kaskazini wasinunue nyumba na ardhi, hao hao wanaohubiri kwamba mali ya mtu ni haki takatifu. Wenye green card wameachwa, ndio. Lakini wewe unayekuja na viza usiwe mwepesi wa kusema hainihusu.

Kinachonikera zaidi ni sisi. Tunakaa kanisani, mgombea anakuja wiki mbili kabla ya uchaguzi, anasema familia, anasema Mungu, tunaitikia amina na kupiga naye selfie, hakuna anayemuuliza kura yako kwenye suala la maji ilikuwa ipi. Muulize! Muulize kwa heshima lakini muulize mbele ya watu. Na ukishapata uraia usikae nao kabatini, kajiandikishe.

Kwa hiyo njoo Texas mdogo wangu, fungua saluni, leseni ya kusuka huhitaji. Bunge linakutana miaka isiyogawanyika kwa mbili, siku zisizozidi 140, kikao cha kawaida kinachofuata ni Januari 2027 na mimi nitakuwepo. Hata kama hujapata uraia kutoa ushahidi kwenye kamati unaruhusiwa, tutaenda wote. Beba sweta na kitu cha kula, AC ya kule chini haina huruma.