Nilimwandikia bosi kwamba nimempekua

Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini pale Kurasini, nilimwachia bosi kikaratasi mezani. Nilikuwa nimemsubiri tangu asubuhi, nimepanda na kushuka ngazi mpaka magoti yanalia, na kontena la watu linakula siku. Nikaandika kwa Kiingereza nilichokiamini: "Sir, I searched you the whole morning", nikidhani nimesema nimekutafuta asubuhi nzima. Bosi alikuwa Mwingereza, mtu mzima. Alirudi saa nane mchana, akakisoma, akajipapasa mifuko ya koti, akaniuliza kama nilikuta chochote cha maana.

Ofisi nzima ilicheka. Mimi nilicheka pia, kwa kufuata mkumbo, maana sikujua tunacheka nini. Mzee mmoja wa kaunta ndiye aliyeninong'oneza baadaye: "Mdogo wangu, umemwandikia bosi kwamba umemsachi."

Siku hizi nafundisha watu wazima Kiingereza jioni, na kosa lile nalikuta kila darasa jipya. Silioni kuwa ni uzembe. Sisi tuna "tafuta", neno moja linalobeba mizigo ya maneno matano sita ya Waingereza, na mtu akishaambiwa utotoni kwamba tafuta ni "search", anakwenda nalo hivyo mpaka uzeeni. Nilichokuja kugundua ni kwamba kanuni za sarufi hazimsaidii mtu sana hapa. Linalosaidia ni kujua neno lilikotoka.

"Search" liliingia Kiingereza karne ya 14 kutoka Kifaransa cha zamani, "cerchier", nacho kililirithi kutoka Kilatini, "circare", yaani kuzunguka, kupita huku na huku. Ndani yake kuna "circus", duara. Hilo "circus" ndilo lililotupa sisi sarakasi. Kwa hiyo sachi ya askari mlangoni na sarakasi ya vijana wanaoruka vichwachini ni ukoo mmoja, na siku nilipolijua hilo nilitamani kumpigia simu yule mzee wa kaunta.

Basi ukiona "search", weka kichwani "zungukia". Nilizungukia nyumba: "I searched the house." Sawa kabisa. Nilizungukia mifuko yangu: sawa. Nilizungukia bosi asubuhi nzima? Hapo umeshashika watu mifukoni. Kinachofuata mara tu baada ya "search" ni mahali unapopapekua. Kile unachokitaka hukifikii mpaka upitie "for": "I searched the house for my keys." Nyumba nimeizunguka, funguo ndizo nizitakazo. Na mtu anaweza kuwa mahali, kwa maana ya mwili wake na mifuko yake, ndiyo maana mlinzi wa benki "anakusearch" bila "for" na Kiingereza chake hakina kosa.

Tena si mwili tu. Biblia ya King James ya 1611, Zaburi ya 139, inasema "thou hast searched me, and known me". Wafasiri wetu hawakuteleza wakaandika "umenitafuta". Waliandika "umenichunguza na kunijua". Mungu hakuwa amempoteza mtunga zaburi, alikuwa amempitia kila kona.

Ndugu zetu wa Bukavu na Lubumbashi waliosoma kwa Kifaransa wana mtego wa ziada. "Chercher" ni tawi la mti huohuo, lakini lenyewe hupokea kitu moja kwa moja, "je cherche mon frère", namtafuta kaka yangu, bila taabu. Ukilihamishia Kiingereza hivyo hivyo, kaka yako unamvua viatu pale mlangoni.

Kwa mambo ya kila siku, ushauri wangu ni mwepesi: liache "search" lipumzike, tumia "look for". Natafuta kazi, natafuta chumba cha kupanga, namtafuta mwanangu: yote ni "look for". Neno la kwenye kamusi au namba ya simu ni "look up". "Seek" ni la Kiingereza chenyewe tangu zamani, na limebaki kwenye nguo rasmi: kuomba hifadhi ukimbizini, kuomba ushauri wa daktari. Ukimwambia muuza duka "I seek sugar" atakupa sukari, ila atakutazama.

Na "find" si kutafuta. Hili nalisema kwa sauti kila wiki. "I am finding my phone" haisemi kwamba unaitafuta simu, kwa sababu "find" ni kuona, kupata, ni mwisho wa safari.

Lakini shida kubwa zaidi iko kwenye Kiswahili chetu wenyewe, kwenye zile tafuta ambazo hazitafuti kitu. "Nitakutafuta jioni" maana yake nitakupigia. Mwanafunzi wangu mmoja alimwandikia mteja wa nje "I will search you in the evening", mteja akanyamaza siku tatu. Sema "I'll call you" au "I'll get in touch". "Natafuta maisha" haina "search" wala "life" ndani yake, ni "I'm trying to make a living". "Usinitafute" ya mtu aliyekunja ngumi ni onyo, wala hajapotea. Wakenya nao wana "single and searching" yao, yaani sina mwenzi na namtafuta, na hiyo waacheni nayo, imeshakuwa mali yao.

Kuna maana moja ya "search" inayogharimu watu fedha: ile ya ofisi ya ardhi. Jamaa yangu alikuwa ananunua kiwanja, wakili akamwambia kwa mchanganyiko wa lugha, "kabla hujalipa, fanya search." Akaitikia vizuri, akaenda kwa dalali kutafuta kiwanja kingine cha kulinganisha bei! Wakili alitaka aende kwa msajili, rekodi za hati zipekuliwe, ijulikane mwenye kiwanja ni nani na kama kimewekwa rehani. Ni kuzungukia tena, safari hii ndani ya majalada.

Nimesema kupekua, na hilo ni neno ninalolipenda. Lina picha ya kuku anayechakura jalalani kwa miguu. Waingereza wana "ransack", kutoka lugha ya zamani ya Skandinavia, "rannsaka", ambapo "rann" ni nyumba na "saka" ni la ukoo wa "seek". Ndiyo, saka, kama yetu ya kusaka wanyama porini. Imetokea tu, usikimbilie kusema Waviking, mabaharia wa kale wa huko Skandinavia, walitia nanga Kilwa. Pale bandarini tulikuwa pia na "rummage", maofisa wa forodha wanaposhuka tumboni mwa meli kupekua. Asili yake ni kupanga shehena ndani ya chombo. Neno lililokuwa la kupanga sasa ni la kupangua.

Kisha akaja Google na kuvuruga darasa langu. Jina limetokana na "googol", namba 1 ikifuatwa na sifuri 100, na mwaka 2006 kamusi ya Merriam-Webster ilishaliingiza kama kitenzi. Kitenzi hiki hakifuati duara: "I googled him" ni sahihi, maana yake nimegugo habari zake. "I searched him" ni kazi ya polisi. Kwa maandishi, ukitaka kusema umekitafuta kitu mtandaoni, andika "I searched for it" hata kama unasikia Waingereza wenyewe wakiiacha "for" wakiongea.

Bosi aliniweka kwenye mizani mara ya pili, miezi kadhaa baadaye. Hati ya shehena ilikuwa haionekani, nikamuuliza iko wapi. Akainua mabega: "Search me." Nilisimama pale, mikono nimeificha nyuma, nikijua bado ananitania kwa kile kikaratasi. Kumbe alikuwa anasema tu kwamba hajui: nipekue ukitaka, jibu hulikuti kwangu. Hati tuliikuta chini ya birika la chai.