"Vua hijabu, au nenda nyuma"

*Shangazi, nafanya kazi ya mapokezi. Bosi ameniambia wateja hawapendi kuona hijabu, hivyo niivue au nihamie chumba cha nyuma. Mwenzangu wa kiume, naye Mwislamu, hajaambiwa kitu. Mume wangu nilipomweleza akasema, "Si nilikwambia? Acha kazi." Nifanyeje? – Niliyebanwa*

Mwanangu,

Pole sana. Kilichonichoma zaidi ni habari ya huyo mwenzako. Mnafunga mwezi mmoja, mnaswali kibla kimoja, lakini yeye anapita mlangoni hakuna anayegeuka. Wewe dini yako iko kichwani, kila mtu anaiona, na mwenye chuki huanza na anayeonekana. Kisha unarudi nyumbani na machozi, na chuki ile ile inageuzwa sababu ya kukufungia ndani. Bosi na mumeo wanatofautiana kwa mengi, lakini wote wawili wanataka usionekane.

Kuvaa au kutovaa ni uamuzi wako. Ila usivue wala usiache kazi kwa neno la mdomo. Mwandikie bosi umuulize: kanuni hii imeandikwa wapi, na inamhusu nani?

Swali hilo lina uzito. Machi 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu mbili siku moja. Kwa mhandisi wa Ufaransa aliyefukuzwa baada ya mteja kulalamikia hijabu yake, ilisema matakwa ya mteja hayawezi kuwa sharti la kazi. Kwa mwanamke wa Ubelgiji, mpokeaji wageni kama wewe, ilisema mwajiri anaweza kukataza alama za dini iwapo kanuni inawabana wafanyakazi wote sawasawa. Hiyo ya pili inaniuma, kwa sababu kanuni ya "wote" humwangukia mwenye hijabu, lakini ni bora uijue mapema.

Sheria za nchi hazifanani, kwa hiyo nenda chama cha wafanyakazi au kwa wakili. Usiende mikono mitupu. Leo hii andika maneno ya bosi kama alivyoyatamka, tarehe, saa, na aliyekuwepo. Mwombe mwenzako naye aandike kwamba hajawahi kuguswa. Akisita, utakuwa umemjua.

Mumeo huenda anakuhofia. Mngoje atulie, umwambie: "Nilikuletea uchungu wangu, ukanipa amri."

Bosi akijibu, niandikie tuisome barua yake pamoja.

Shangazi yako