Tukiwapata majirani wa angani: maswali yenu kuhusu imani

Nilipogusia habari za uhai nje ya dunia, maswali yalimiminika, na mengi hayakuhusu darubini wala roketi. Yalihusu Mungu. Nimechagua machache.

Viumbe wa sayari nyingine wakipatikana, dini si zitaanguka zote?

Karibu kila aliyeuliza hili aliongeza kwamba yeye binafsi hatatikisika, ila anawahofia wengine. Nimetabasamu. Mwaka 2008 Ted Peters, mwanateolojia wa Kilutheri wa Marekani, aliwahoji watu zaidi ya 1,300, wenye dini na wasio nayo. Waumini wengi walijibu kuwa imani yao ingebaki palepale. Waliotabiri zaidi kwamba dini zingepata msukosuko ni wale wasio na dini. Ufa huonekana upesi kwenye ukuta wa jirani.

Halafu tunasahau jambo lililo wazi: Wakristo na Waislamu hawajawahi kufundishwa kwamba binadamu ndiye kiumbe pekee mwenye akili. Malaika si wazaliwa wa dunia. Mwislamu amekua akijua kuna majini, wenye hiari na hesabu ya matendo yao kama sisi. Wahindu na Wabudha nao wana masimulizi ya kale ya malimwengu yasiyo na idadi. Mtu aliyelelewa hivyo ukimwambia kuna mwingine huko juu, huenda akakuuliza tu anafananaje.

Mimi ni Mkristo. Je, Yesu aliwafia na hao pia?

Hapa ndipo penye uzito, na nakupongeza kwa kutolikwepa. Kwa Mkristo, kuwapo kwao si tatizo. Tatizo ni kwamba wokovu una mahali na tarehe: Mungu alitwaa mwili mara moja, hapa, katika uzao wa Adamu. Mwandishi Thomas Paine, mzaliwa wa Uingereza, aliliona hilo mwaka 1794, akaandika kwamba mtu hawezi kushika yote mawili, imani ya Kikristo na dunia nyingi zenye wakazi, akilini mwake kwa pamoja.

Lakini Paine hakuwa wa kwanza kulifikiria. Mwaka 1277 Askofu wa Paris, Étienne Tempier, alipiga marufuku hoja 219, mojawapo ikiwa ile ya kwamba Mungu hawezi kuumba dunia zaidi ya moja. Angalia vizuri: kilichokatazwa ni kumwekea Mungu mipaka. Mwaka 1440 Nicholas wa Cusa, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika kuhusu wakazi wa nyota nyingine, na baadaye akafanywa kardinali. Katika karne hiyohiyo mtawa Mfransisko, Guillaume de Vaurouillon, alijiuliza swali lako hasa. Jibu lake: kifo cha Kristo hapa kinatosha kuwakomboa hata wakazi wa dunia zisizo na mwisho, wala haingefaa aende kufa tena kwingine.

Njia nyingine ni kuuliza kama wao walianguka dhambini hata kidogo. Dhambi ya Adamu inamhusuje asiye mwana wa Adamu? Mwaka 2008 padri José Gabriel Funes, wakati huo mkurugenzi wa kituo cha Vatikani cha kuchunguza nyota, aliukumbuka mfano wa kondoo mmoja aliyepotea na wale 99 waliobaki. Huenda aliyepotea ni sisi, alisema. Mimi hilo linanivutia kuliko jibu la Vaurouillon, kwa sababu linatushusha kidogo.

Wengi mmenitumia Yohana 10:16, “Na kondoo wengine ninao, ambao si wa zizi hili.” Ni mstari mzuri, lakini wafafanuzi kwa kawaida huusoma kuwa ni habari za mataifa yasiyo ya Kiyahudi. Tusiupeleke mbinguni kwa nguvu.

Na Giordano Bruno? Si alichomwa moto kwa kusema kuna dunia nyingine?

Mwanafalsafa huyo wa Italia alichomwa Roma, Februari 1600. Dunia nyingi zilikuwamo katika mashtaka, pamoja na kukana Utatu na uungu wa Kristo na mengine kadhaa. Kwa hiyo kumwita shahidi wa sayansi peke yake ni kurahisisha mno. Hilo halipunguzi ukatili wa kumchoma mtu akiwa hai.

Qur'ani inasemaje? Na binadamu hatabaki kiumbe bora?

Maswali mawili, nayajibu pamoja. Sura ya 42, aya ya 29, inataja kuumbwa kwa mbingu na ardhi na viumbe vilivyotawanywa katika vyote viwili, kisha inasema Mungu ana uwezo wa kuwakusanya apendapo. Wapo wafasiri waliosema wa mbinguni ni malaika. Fakhr al-Din al-Razi, mfasiri maarufu wa Qur'ani wa zama za kati, akilifafanua neno “Mola wa walimwengu” katika Al-Fatiha, alisema Mungu anaweza kuumba malimwengu elfu kwa maelfu zaidi ya huu wetu. Wanaodai kwamba ile aya ya sura ya 42 ilitabiri vyombo vya angani wanaibebesha mzigo isiouomba.

Kuhusu ubora, isome tena sura ya 17, aya ya 70. Wanadamu wamefadhilishwa “kuliko wengi” miongoni mwa walioumbwa. Haikuandikwa “kuliko wote”.

Tutatangaziwa lini? Nangoja hiyo siku.

Utangoja sana, maana sidhani kutakuwa na siku moja. Agosti 1996 Rais Bill Clinton alisimama nje ya Ikulu ya Marekani kuzungumzia jiwe la Mirihi, ALH84001, lililookotwa Antaktika mwaka 1984. Watafiti walidai lina alama za vijidudu vya kale. Leo wanasayansi wengi wanaona alama zile zinaelezeka bila uhai wowote. Karibuni zaidi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walisema wameona katika hewa ya sayari K2-18b, umbali wa miaka ya nuru 124 (yaani nuru yake huchukua miaka 124 kutufikia), dalili za gesi ambayo hapa kwetu hutolewa hasa na viumbe vidogo vya baharini. Wengine wakaipima data ileile wasiione. Mwaka 2021 wanasayansi wa NASA, shirika la anga la Marekani, walipendekeza ngazi saba za kupanda kabla ya kusema “tumepata”.

Habari itakuja hivyo, kwa kudondoka, huku wakemia wakigombana. Chombo cha Europa Clipper, kilichorushwa Oktoba 2024, kitafika Mshtarii mwaka 2030 kuchunguza kama mwezi wake Europa una mazingira yanayofaa uhai. Kuutafuta uhai wenyewe si kazi yake. Na kikipatikana kitu, huenda kikawa bakteria. Bakteria hana dhambi wala sala. Atakayekosa usingizi ni mwanabayolojia: uhai ukiwa umeanza mara mbili kwenye mfumo mmoja wa jua, bila kubebwa na mawe kutoka sayari moja hadi nyingine, basi umejaa kila mahali.

Wakituma ujumbe, nani atawajibu kwa niaba yetu?

Kwa sasa hakuna mwenye mamlaka hayo. Kanuni zilizotolewa mwaka 1989 na Chuo cha Kimataifa cha Sayansi za Anga zinasema asijibu mtu kabla ya mashauriano ya kimataifa, lakini si sheria. Wala msitegemee mazungumzo. Mwaka 1974 ujumbe wa redio, unaosafiri kwa kasi ya nuru, ulirushwa kutoka darubini ya Arecibo, Puerto Rico, kuelekea kundi la nyota M13, umbali wa miaka ya nuru kama 25,000. Jibu likija papo hapo, litatufika baada ya miaka 50,000.

Mwislamu wa sayari nyingine ataelekea kibla gani?

Aliyeuliza ameweka alama ya kicheko, lakini swali lina nusu ya jibu tayari. Mwaka 2007 mwanaanga Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alikwenda kwenye kituo cha anga za juu katika mwezi wa Ramadhani, na wanazuoni wa nchi yake wakamwandalia mwongozo. Aelekee Kaaba akiweza. Asipoweza, uelekeo wa juu ya Kaaba, ikishindikana, dunia, ikishindikana hata hiyo, popote. Kwa kiumbe asiyejua hata jua letu ni nukta ipi kati ya nukta za usiku wake, naona imebaki hiyo ya nne.